Jicho la Saa Nne

Mtaani walimwita Usicheke, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mcheshi kuliko wateja wake wote. Jina lilitokana na kazi. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa akipiga picha za paspoti na vitambulisho, na picha za aina hiyo hazitaki meno. Mteja akishakaa kwenye kigoda, yeye huinamia kamera na kusema kwa upole, "Kidevu juu kidogo. Usicheke." Na hakuna kitu kinachomchekesha binadamu kama kukatazwa kucheka. Mteja huangua kicheko, naye hudakia, na kazi ya mara moja ikageuka kikao.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba, kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Mbele palikuwa na kabati la kioo lenye picha za maharusi ambao sasa wana wajukuu. Ukutani kulikuwa na kioo cha kujitazamia, na chini yake kitana kilichofungwa uzi kisije kikaondoka na mteja. Kisha shuka jeupe la picha za serikali, taa mbili zenye miavuli, na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji. Rangi ya pazia hilo ilikuwa imepauka kwa miaka, hata maji yale yakaonekana kama maziwa yanayomwagika polepole bila kufika chini. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha giza, ambamo marehemu baba yake alikuwa akisafisha filamu zama zile. Hakuna aliyesafisha filamu tena, lakini kuta zilikuwa bado zinanukia dawa, harufu chungu yenye utamu kwa mbali, na Usicheke alikuwa na tabia ya kuingia humo mchana, kufunga mlango na kusimama tu, kama mtu aliyeingia kumsikiliza mzazi wake.

Ni katika chumba hicho alimokuja kufanyia kazi wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, mwandishi wa programu za kompyuta. Ofisi iliyokuwa imemwajiri ilihamia mji mwingine, yeye akakataa kuhama, akaamua kujitegemea. Alipokuwa akiishi, kwa kaka yake huyo, mume wa Usicheke, hapakuwa na utulivu: kaka mtu ni fundi wa friji, na uani kwake mashine zilinguruma kutwa kucha kama kundi la paka walioshiba.

"Nipe kimeza tu humo ndani, wifi," aliomba. "Wiki mbili."

"Wiki mbili za kalenda au za kwenu?"

Wiki zikawa miezi. Mteja akiuliza, "Hapa kuna wifi?" Usicheke hujibu bila hata kuinua macho, "Yuko nyuma huko. Nimwite?" Utani huo hakuuchoka kamwe. Wifi aliuchoka siku ya kwanza.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, barabara ikabaki na mbwa na miavuli. Hakuna mteja. Usicheke akapika chai, akabeba vikombe viwili hadi chumba cha giza. Kwenye kompyuta palikuwa na picha ya rangi ya majivu, yenye mishipa inayogawanyika na kugawanyika tena hadi ikawa nyembamba kama nywele.

"Mapafu ya nani hayo?" akauliza.

Wifi akacheka. "Si mapafu. Ni mto wetu."

Usicheke akaweka vikombe chini. Akasogea karibu. Mto wao aliujua kwa daraja lake na kwa harufu yake ya kiangazi. Hakuwahi kuufikiria kuwa una umbo. Wifi akaeleza: kuna chama cha wakulima wa mboga huko bondeni kilichomtaka awatengenezee programu ya simu, mkulima afungue aone upande gani wa shamba lake una kiu kabla majani hayajaanza kusinyaa. Picha zilitoka kwa setilaiti.

"Inapita juu, inapiga, inakwenda zake. Baada ya wiki mbili na kitu inarudi palepale. Zipo na nyingine, zinapokezana."

"Na picha anauziwa nani?"

"Hauziwi mtu. Ziko wazi. Unajiandikisha kwa barua pepe yako, unachora kisanduku kwenye ramani mahali unapopataka, unataja tarehe, unasema unavumilia mawingu kiasi gani. Basi, unapakua."

"Bure?"

"Bure."

"Bure bure, au bure ya matangazo?"

"Bure ya kweli, wifi. Mashirika ya anga yameamua hivyo. Mkulima achukue, mwalimu achukue, wewe uchukue."

Usicheke alitikisa kichwa kama mfanyabiashara aliyesikia habari za mwenzake kupata wazimu. "Mpiga picha gani huyo! Na mbona ni za majivu? Hawana rangi?"

"Rangi zipo, ila kila moja imewekwa peke yake. Hii ni nyekundu. Hii kijani. Hii bluu. Na hii," Wifi akafungua nyingine, nayo ilikuwa na weupe wa ajabu kandokando ya mto, "hii ni ya mwanga ambao jicho halioni. Majani mabichi yanaurudisha kwa wingi. Jani lenye kiu linaurudisha kidogo."

Usicheke akavuta kiti. Baba yake aliwahi kumfundisha kuchapa picha za rangi kwa vichujio, rangi moja juu ya nyingine gizani, huku ukihesabu kwa mdomo. Akayakumbuka yote kwa vidole kabla ya kuyakumbuka kwa akili. "Zipandanishe," alisema. "Huo mwanga usioonekana utie kwenye nyekundu. Tuone."

Wifi akabonyeza, na mto ukaamka. Maji yakawa meusi ya wino. Kingo zake zikawaka wekundu wa kitambaa cha mahameli, miti ya mtaani ikawa vitone vya damu kati ya mabati yaliyopauka, na mashamba ya mboga yakajipanga kama viraka alivyovishona mtu mwenye subira. Nje mvua iliendelea. Chai ikapoa mikononi mwao, na wala hawakuiona ikipoa.

Tangu siku hiyo Usicheke akawa mtu wa kuelea. Akitembea kwenda sokoni anajiona mdogo, kidoa kimoja kinachosogea kati ya vidoa, na wala hilo halimtishi. Linampa raha, kama ya mtoto anayelala huku wakubwa wanaongea chumba cha pili. Akipiga picha anasahau kusema usicheke. Wateja wanakaa kimya, wamenuna vizuri kabisa, wakimsubiri awakataze.

Alitaka kujifunza kupakua mwenyewe. Siku ya kwanza alijaribu Wifi akiwa hayupo, na jioni bando la mwezi mzima likawa limeyeyuka.

"Ulisema bure!" alilalamika.

"Picha ni bure. Njia ya kuileta hadi hapa ndiyo si bure. Na wewe umeagiza nusu ya nchi! Sisi tunataka mtaa." Wifi akamkalisha chini, akaandika mistari michache, akieleza kila mmoja. Programu, alisema, hubisha hodi kwenye ghala la picha huko ziliko, hutaja mahali, tarehe na rangi, na ghala lenyewe hukata kile kipande kidogo tu na kukitoa. Hakuna haja ya kubeba ghala zima kichwani.

Usicheke alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni siku kadhaa. "Zinaanzia lini hizi picha?"

"Za zamani? Kabla hujaolewa na kaka."

Hapo ndipo palipomchoma. Katika mji mzima hakuna aliyepiga harusi nyingi kama familia yao, lakini harusi yake yeye haikuwa na picha hata moja. Baba yake aliipiga mwenyewe, mikanda mitatu, na jioni, akijifuta machozi kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili aliifungua kamera kabla filamu haijarudi ndani ya mkebe wake, mwanga ukaiunguza. Alichofanya na ile mikanda mingine miwili hakuna anayejua. Machozi yalikuwa mengi. Picha zote zilitoka nyeupe. Mzee hakuwahi kulitaja jambo hilo bila kukohoa kwanza.

Usicheke akaitaja tarehe ya harusi. Wifi alimwonya asijipe moyo, maana mara nyingi siku yenyewe haiangukii, unapata ya jirani. Akaandika. Kidude kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka, kisha ukatokea mstari mmoja. Tarehe ileile. Saa nne kasoro asubuhi. Mawingu machache.

Wifi akaifungua. Mji ulikuwa mdogo wakati huo, umekaa upande mmoja tu wa mto. Wakaifuata barabara kuu hadi ilipokuwa njia panda, wakakata kushoto, wakaukuta mtaa wa nyumbani kwa baba yake. Nyumba haikuonekana, kila kidoa cha picha kilikuwa na upana wa kiwanja kizima pamoja na uani wake. Lakini kidoa chenyewe kilikuwapo, cheupe kidogo kuliko wenzake.

"Mimi nimo humu?" Usicheke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umo. Wewe na wageni wote na viti vyote vya kuazima."

Akampigia simu mumewe. Fundi friji akaja mbio akidhani kuna msiba, bisibisi bado iko mfukoni. Walipomwonyesha alisimama nyuma ya viti vyao akipumua.

"Saa nne," alisema. "Saa nne mimi nilikuwa kwa kinyozi."

"Kwa kinyozi!" Usicheke akageuka. "Mliniambia mmeshaanza safari! Mama alikuwa anachungulia barabarani mpaka shingo ikapinda!"

"Kinyozi alikuwa na foleni, mke wangu."

"Miaka yote hii unanidanganya kwamba gari lilipata pancha."

"Pancha nayo ilikuwapo," fundi friji alisema kwa unyonge, "ila baadaye."

Wifi alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, wakabaki wote watatu wakiangalia asubuhi ile iliyolala mbele yao, tulivu, bila sauti, yenye kivuli cha wingu moja dogo kikielekea mtoni. Mume akanyoosha kidole chenye grisi, akakigusa kile kidoa.

"Kwa hiyo tulipigwa picha," alisema.

"Tulipigwa."

Programu mpya ilizaliwa kutoka hapo. Kazi ya wakulima ilipokabidhiwa, Wifi akaanza kutengeneza nyingine kwa raha zake, na Usicheke akawa mchaguaji wa rangi. Waliiita Siku Ile. Unaandika mahali, unaweka tarehe, nayo inakwenda kuuliza kwenye ghala la wazi na kukuletea picha ya siku iliyo karibu zaidi, na inakuambia bila kuficha kama imekosea kwa siku tatu au kwa wiki. Ukitaka ichapwe kwenye karatasi nzuri, njoo studio.

Watu walikuja. Kinyozi wa jirani alitaka siku aliyofungua duka. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka masika ambayo shule yake ilizungukwa na maji. Mama mmoja alitaka kuona gari la mumewe lilikuwa limeegeshwa wapi Ijumaa iliyopita, na Wifi akamweleza kwa adabu kwamba setilaiti hizi za wazi hazioni gari, zinaona kiwanja.

"Sawa," yule mama alisema. "Kiwanja gani?"

Alipoondoka walicheka hadi wakafunga mlango kwa muda.

Halafu akaja fundi bomba.

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Alikuwa ametoka kwa kinyozi kuziba bomba, akasimama mlangoni na mfuko wake wa spana, akiuangalia ule mchoro wa maporomoko kama mtu anayekagua kama yanavuja.

"Nimesikia mnaangalia zamani," alisema. "Mnaweza kuona chini ya maji?"

Usicheke akamkaribisha kiti. Fundi bomba akasimulia kwa sentensi fupifupi. Alizaliwa katika kijiji kilichokuwa bondeni, siku nzima ya safari kutoka hapo. Lilipojengwa bwawa la umeme watu walihamishwa, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Bonde likajaa maji. Hakukumbuka chochote. Mama yake ndiye aliyekumbuka kwa niaba yake, alimsimulia maisha yake yote, na sasa mama alikuwa amefariki.

"Naomba siku niliyozaliwa," alisema. "Nione pakoje."

Wakatafuta. Picha za miaka ile zilikuwa chache, na bonde lile lilipenda ukungu. Siku aliyozaliwa haikuwapo. Ya karibu yake ilikuwapo, wiki moja baadaye. Ilipofunguka ilikuwa nyeupe tupu. Mawingu yalijaa bondeni kama pamba iliyoshindiliwa kwenye godoro. Wakajaribu mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila moja ilionyesha kona moja ya ardhi na kufunika nyingine.

Fundi bomba aliitazama ile nyeupe kwa muda mrefu. "Asanteni," alisema. "Angalau najua kulikuwa na mawingu." Akabeba mfuko wake, akaondoka.

Usicheke hakula vizuri mchana huo. Kilichomsumbua ni kwamba bonde lilikuwamo. Kipande hiki kilikuwa wazi mwezi wa pili, kile mwezi wa saba, kingine mwaka uliofuata kabla ya maji. Ardhi yote ilikuwa imeonekana, ila haikuonekana siku moja.

"Tuviunganishe," alimwambia Wifi.

"Inawezekana. Watu wanafanya hivyo kila siku. Unaiambia kompyuta ichukue kila kidoa kutoka siku kilipokuwa hakina wingu." Wifi alisita. "Lakini itakuwa picha ya siku ambayo haijawahi kuwapo. Programu yetu inaitwa Siku Ile, wifi. Ile ipi?"

Swali lilikuwa zuri. Alichojua Usicheke ni kwamba hatamdanganya yule mtu. Atamwambia kila kitu, na akitaka kuikataa aikatae. Wakakubaliana hivyo.

Ilikuwa kazi ya mchana kadhaa. Kompyuta ilifanya sehemu kubwa, lakini mawingu membamba yaliidanganya, na vivuli vyake vilifanana na maji, kwa hiyo Usicheke alikaa naye Wifi bega kwa bega, akisema, hicho ni kivuli, kiondoe. Hiyo ni ardhi, iache. Wingu moja likitoka, chini yake hujitokeza kipande cha njia. Jingine likitoka, huonekana ukingo wa shamba. Chumba cha giza kilikuwa baridi na kimya, na mara kwa mara alihisi kwamba wanafunua kitu kilicholala na hawataki kukiamsha. Mwishoni bonde lilikuwa mbele yao lote: mto wenye mikunjo mingi, njia zikishuka kuufuata, viraka vya kulima, na katikati doa la rangi ya udongo mkavu ambalo bila shaka zilikuwa nyumba.

Fundi bomba alirudi alipoitwa. Usicheke alimweleza kabla hajamwonyesha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo siku hii haikuwapo," alisema.

"Haikuwapo. Lakini kila kipande kilikuwapo."

Akaitazama. Kisha akajifuta uso kwa kiganja kizima, kama mtu aliyetoka kunawa, akasema, "Naomba nimlete shangazi."

Shangazi alikuja siku iliyofuata, mwembamba, mwepesi, amevaa miwani ya mtu mwingine. Alikataa kigoda, akataka kiti chenye mgongo. Alikataa pia kwamba hiyo ni nyumbani.

"Kwetu hakukuwa kwekundu," alisema.

Wifi akabadilisha rangi zikawa za kawaida, majani yakawa majani. Shangazi akasogeza miwani mbele na nyuma. Bado alikunja uso.

"Na huu mto umekuwaje? Huku juu umejaa, huku chini ni mchanga mtupu. Mto gani unakunywa maji yake mwenyewe?"

"Nilikueleza, shangazi," fundi bomba alisema. "Zimeunganishwa."

"Ulinieleza kama unavyoeleza bei zako, sikuelewa hata kidogo."

Usicheke akachuchumaa kando yake. "Huku juu, mama, picha ni ya masika. Hapa chini ni ya kiangazi. Ndivyo tulivyoweza kuyaondoa mawingu."

"Aaa!" Uso wa shangazi ukafunguka. "Basi sema hivyo. Mimi nilidhani nimeanza kuzeeka." Akaweka kidole kwenye skrini, juu kabisa, palipokuwa na maji mengi. "Hapa masika huvuki. Unakaa upande huu unapiga kelele, wa upande ule naye anapiga kelele, habari zinavuka, nyinyi mnabaki. Mama yako," alimgeukia fundi bomba, "alichumbiwa hivyo. Baba yako alipiga kelele wiki nzima hadi sauti ikamkauka. Mama yako akamjibu ndiyo, na yeye akasikia siyo, akaenda kulala akilia."

Fundi bomba alicheka, kicheko kidogo kilichotoka puani. "Hilo hakunisimulia."

"Angekusimulia vipi? Alikuwa anamheshimu baba yako."

Kidole kikaanza kutembea. Kilishuka na njia, kikapumzika mahali ambapo shangazi alisema palikuwa na mteremko wa kukata pumzi, kikapita shamba la mtu mchoyo, kikakata kona. Mahali fulani kilivuka kutoka masika kwenda kiangazi, na sauti yake nayo ikabadilika. Akaanza kusema habari za vumbi, na watoto wanaochimba mchanga wa mto kutafuta maji, na jinsi maji hayo yalivyokuwa yanatoka baridi hata mchana. Usicheke alikuwa bado amechuchumaa, miguu imekufa ganzi, asiweze kuinuka. Wifi alikuwa ameacha mikono yake juu ya vibonye bila kuvibonyeza. Barabarani pikipiki zilipita na kinyozi aliwasha mashine yake, na vyote hivyo vilisikika kama vinatoka mbali, kutoka ng'ambo ya pili.

Kidole kilipofika kwenye lile doa la udongo kilisimama. "Hapa," shangazi alisema. "Ulizaliwa hapa. Mlango ulitazama mto." Kisha akauliza, "Na sasa pakoje?"

Wifi alimwangalia fundi bomba, naye akaitikia kwa kichwa. Picha ya wiki ile ikaja: ziwa, refu, lenye vidole vingi vilivyoingia kati ya vilima, buluu iliyokolea hadi karibu na kijani, na ukingoni mistari myembamba ya mashamba mapya. Shangazi aliliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kijiji.

"Nimelinunia miaka yote hii," alisema. "Hata kwenda kuliona sikwenda. Kumbe limependeza hivi." Alisema kwa mshangao, na kidogo kwa wivu, kama mtu anayemwona mke mwenza mzuri. Akaomba picha zote mbili, na akaomba zisiwekwe kwenye bahasha moja.

Wiki chache baadaye fundi bomba alipita akiwa na ombi. Aliuliza kama programu inaweza kuwekewa maneno, mtu akigusa mahali aandike palikuwa na nini, maana shangazi anaongea kutwa na yeye anaogopa kusahau. Wifi alisema ni jambo la siku mbili. Tangu zile wiki mbili, ahadi zake zilikuwa zimeshazoeleka. Lakini mara hii alimaliza kweli. Kwenye zile picha zilizounganishwa alibadilisha pia jina. Badala ya tarehe, sasa panaandikwa: siku nyingi.

Watu waliotoka bonde lile walikuwa wametawanyika kila mahali, na walikuwa na simu. Mmoja akamtumia mwenzake. Usicheke hakuwahi kuonana nao, lakini asubuhi, kabla hajatandika shuka jeupe na kuwasha taa, huingia chumba cha giza na kufungua bonde kuona nani amepita. Kila siku kuna doa jipya. Mtu ameandika hapa ndipo tulipoanikia nguo. Mtu ameandika kaka yangu alivunjika mkono kwenye mti huu, na chini yake kaka mwenyewe, kutoka mji mwingine, ameandika ulinisukuma. Jana asubuhi kulikuwa na moja lililoandikwa na mtu asiyeweka jina, kwenye mkunjo wa mto upande wa kiangazi: hapa palikuwa na jiwe pana, jua likizama linabaki na joto, tulikuwa tunalala juu yake.